Nyumba ya Beringi

"Sisaini," alisema Bi Kudura Hamduni kwa mara ya tatu, akaisukuma karatasi irudi upande wa pili wa meza.

Sajenti Makongoro, mkaguzi wa magari, alivua miwani akaifuta kwa tai yake. Maelezo yale alikuwa ameyaandika kwa mkono wake mwenyewe, na yote yaliegemea upande mmoja. Kwamba Kudura, mjane wa miaka hamsini na mbili, mkazi wa Kabasa hapa Bunda, asiye na cheti cha ufundi, alibadilisha beringi na habu ya tairi la mbele kushoto la gari la Mwalimu Enos Masatu, na kazi hiyo aliifanyia nyumbani kwake. Kwamba kazi ilikuwa chini ya kiwango. Kwamba wiki tatu baadaye beringi ilisagika, tairi likalala, gari likapinduka kwenye mteremko upande wa Butiama na mwalimu akafa papo hapo.

"Mama, hebu niambie, kipi hapo si kweli?"

"Mpaka hapo pa nyumbani kwangu ni kweli. Kuanzia hapo pa kiwango ni mdomo wako, sajenti. Saini wewe."

Mkaguzi Msaidizi Ghati Nyangi, aliyekaa dirishani na faili mapajani, hakucheka, ingawa ilimjia. Alikuwa ametumwa kutoka Musoma asubuhi ile kwenda kulikamilisha faili hilo, si kulifungua upya. Siku ilikuwa Jumatano. Ijumaa saa sita mchana lilitakiwa liwe mezani kwa wakili wa serikali, na mkuu wake alikuwa amemwambia kwa simu maneno manne tu: "Ni ajali. Usizunguke sana."

"Mama," Ghati aliuliza, "hiyo beringi yenyewe umeshaiona tangu ajali itokee?"

"Nani anionyeshe? Mimi naonyeshwaga karatasi tu."

Ghati akamgeukia Makongoro. Sajenti aliinua mabega. Koplo Clever, mtu mzima mwenye kitambi ambaye ndiye alikuwa dereva wa Ghati na shahidi wa kila alichokigusa, alitoka bila kuambiwa mara mbili. Aliporudi alikuwa amekumbatia gunia. Alilishusha sakafuni na chuma kikalia.

Bi Kudura aliinuka, akachuchumaa mbele ya gunia lile, mikono kaiweka nyuma. "Naomba ruhusa ya kugusa."

"Gusa. Koplo anaandika."

Alikigeuza kile chuma upande huu na upande ule, kama anayechagua sato sokoni. Akakisogeza kwenye mwanga. Kisha akasimama, magoti yakimlia.

"Hii siyo."

"Siyo nini?"

"Siyo nyumba yangu." Aligonga pande la chuma kwa ukucha. "Hii ndiyo nyumba ya beringi. Huku juu inashikwa na bolti mbili za shokapu, chini na mkono wa gari, pembeni na fimbo ya usukani. Beringi inaingia humu kwa kubanwa, habu inaingia ndani ya beringi, tairi linakaa kwenye habu. Mimi sikuibadilisha nyumba ya Mwalimu. Niliisugua kwa brashi ya waya mpaka ikawa nyeupe, ndipo nikatia beringi mpya na habu mpya. Sasa niambieni, hii kutu imetoka wapi?"

"Mvua zilinyesha," Makongoro alisema.

"Sajenti, kutu ya unene huu haipatikani kwa wiki tatu, hata ungeizamisha ziwani."

Ghati alipiga goti. Hakuwa fundi, lakini macho yake yalikuwa yamezoea kutafuta kisichokaa mahali pake. Kwenye tundu la fimbo ya usukani, mahali pa pini ya kufungia, palikuwa na msumari wa mbao uliokunjwa. Na ile nati kubwa ya katikati, inayoshika ekseli, ilikuwa imebonyezwa mdomo wake mara mbili.

"Huu msumari ni wako, mama?"

"Msumari napigiaga bati."

"Na hii nati? Kwa nini ina mabonyeo mawili?"

Bi Kudura aliinama, akatazama kwa muda mrefu kuliko alivyotazama kitu kingine chochote. "Hii nati ndiyo yangu," alisema taratibu. "Hili bonyeo la duara ni langu, na mtu amelinyoosha. Hili jingine lililokatika kama kisu silijui."

Makongoro alivaa miwani yake. "Au alikaza, akakosea, akafungua, akakaza tena. Afande, usipotezewe muda. Beringi ya Probox kama ile ya Mwalimu haiingii bila mashine ya presi. Huyu mama hana presi. Alipiga nyundo, beringi ikafa siku hiyo hiyo, ikawa inasubiri mteremko tu. Ufundi gani wa chini ya mti?"

"Sina mti," Bi Kudura alisema. "Twende ukaone nilicho nacho."

Ghati alifunga faili. "Twende."

*

Ua wa Bi Kudura ulikuwa wa saruji, umefagiwa. Probox nyeupe ya mteja ilisimama katikati, vumbi juu ya kioo. Ilikuwa imekaa hapo siku tisa, tangu alipokatazwa kushika spana. Ugonjwa wake ulikuwa ule ule wa gari la Mwalimu: beringi ya mbele kushoto inanguruma.

Kwenye lango la bati palikuwa na maandishi ya mkaa ambayo hakuyafuta: MUUAJI.

"Kwa nini huyasugui?" Ghati aliuliza.

"Atayasugua aliyeyaandika."

Alijifunga kanga kiunoni juu ya suruali na kumwambia Makongoro akae karibu, kwenye kiti, asije akasema hakuona. Kisha akaanza. Hakuinua gari kwanza. Kwa tindo ndogo aliunyoosha mdomo wa nati ya ekseli, akachomeka soketi, akaongezea bomba refu kwenye mpini, akailegeza tairi likiwa bado chini.

"Ukishainua gari, hii haikusikilizi tena. Inazunguka na wewe."

Jeki ikaingia, na pembeni yake kigoda cha chuma, kwa sababu jeki, alisema, haina undugu na mtu. Tairi likatoka. Kalipa ya breki akaining'iniza kwa waya ili mpira wake usivutwe. Diski ikafuata. Alichomoa pini ya fimbo ya usukani kwa koleo na kuitupa kwenye kopo, kwa kuwa pini haitumiki mara mbili. Bolti mbili za shokapu, kiungo cha chini, na mara nyumba yote ikawa mikononi mwake, nzito kama mbuzi aliyechinjwa.

"Presi yako sasa," Makongoro alisema.

Alikwenda kwenye kasha akarudi na ufito wa chuma wenye nyuzi za bolti kuanzia mwanzo hadi mwisho, nati mbili kubwa, na vipande sita vya bomba vilivyokatwa kwa vipimo tofauti. Alipitisha ufito katikati ya habu, akaweka bomba pana huku na bomba jembamba kule, akakaza. Kila alipovuta spana, habu ilisogea kwa mlio mfupi, mpaka ikachomoka. Akatoa klipu kwa koleo, akageuza mabomba, akakaza tena, beringi ya zamani ikaanguka kwenye saruji. Makongoro alikuwa amesogeza kiti karibu.

"Tausi!" Bi Kudura aliita juu ya ukuta. "Niletee mgonjwa wangu."

Jirani yake, muuza samaki, alipita langoni na mfuko wa plastiki unaofuka baridi. "Hii beringi nimeichoka, dada. Siku tisa inakaa na sangara wangu."

"Unaweka beringi kwenye friji?" Clever aliuliza.

"Ikipoa inajikunja. Nyumba naianika juani, inapanuka. Zikikutana haziumizani."

Ghati alimgeukia Tausi. "Na ile ya Mwalimu Enos, iliwahi kukaa kwako?"

"Ilikaa usiku mzima. Niliipokea ikiwa kwenye boksi lake, mafuta ya kiwandani bado yanang'aa. Nilimwambia huyu mzee wenu pale kituoni, akaniuliza mimi muuza samaki najua nini."

Makongoro alitazama chini.

Bi Kudura alikuwa ameshaweka bomba juu ya beringi mpya. "Tazama ninaposukuma, sajenti. Pete ya nje tu. Ukisukuma ya ndani umeiua kabla haijatembea." Akakaza. Beringi iliingia bila nyundo, bila kelele, mpaka ikakaa. Klipu. Habu, safari hii akiitegemeza pete ya ndani kwa bomba jembamba. Kisha vyote vikarudi garini kwa mpangilio uliogeuzwa, na pini mpya kwenye fimbo ya usukani. Mwisho alifungua kitambaa na kutoa spana ndefu yenye mshale na namba.

Makongoro alisimama. "Spana ya kupima umeipata wapi?"

"Ya marehemu baba, Mzee Hamduni. Gereji ngapi hapa mjini wanayo? Hesabu kimoyomoyo, usiwaaibishe."

Alikaza nati mpya mpaka mshale ulipofika anapotaka. Akachukua msumari mnene wa chuma wenye ncha ya duara, akaweka kwenye mdomo wa nati, akapiga nyundo mara moja. Mdomo ukazama kwenye mfereji wa ekseli.

Ghati aliichukua nati ya ajali kutoka kwenye mfuko wa vielelezo, akaishika kando ya ile mpya. Bonyeo la duara kwenye zote mbili lilikuwa sawa kama mapacha. Lile la pili, lenye makali, lilikuwa la chombo kingine na mkono mwingine.

"Sajenti, zungusha tairi," alisema.

Makongoro alizungusha, kiganja kikiwa kwenye springi kusikiliza mtikisiko. Alizungusha tena. Alikuwa mkaidi, lakini masikio yake hayakuwa yamejifunza uongo.

"Iko kimya," alisema. "Iko sawa kabisa."

"Basi kuna mtu aliyefungua gari la Mwalimu baada yako, mama," Ghati alisema. "Akaondoka na nyumba nzima, beringi mpya ndani yake, akamwekea ya kwake iliyochoka. Tukiiona hiyo ya kwako leo, utaijua?"

"Nina alama ninayoiweka. Lakini siitaji hapa. Nikiitaja, kesho itakuwa imesagwa."

"Hata mimi huniamini?"

"Wewe nimekujua asubuhi."

Ghati aliguna, akachana karatasi kwenye daftari. "Andika. Mimi sitasoma. Tia kwenye bahasha, gundi, koplo asaini juu ya mkunjo na sajenti asaini. Tutaifungua mbele ya gari."

Bi Kudura alimwangalia kwa mara ya kwanza kama mtu anayemwangalia mtu. Akaandika, kaifunika karatasi kwa mkono kama mwanafunzi anayeogopa kuibiwa jibu.

*

Alhamisi asubuhi walikuwa Buswahili, kwenye nyumba ya mwalimu. Matanga yalikuwa yameisha lakini viti vya kanisa vilikuwa bado barazani. Esta, mjane wa Enos, alikaa mkekani na kitambaa cheusi kichwani. Mzee Enoka, baba mzazi wa Esta, aliyekuja kumsimamia tangu msiba, ndiye aliyejibu kila swali.

"Shikamoo mzee. Nauliza gari. Baada ya kutoka kwa fundi Bunda, lilikwenda wapi?"

"Shuleni na nyumbani, basi."

"Halikulala popote?"

"Gari ya mwalimu ilale wapi?"

"Mama Esta?"

Esta alifungua mdomo. Mzee alikohoa. Esta akatazama mikono yake.

"Amekwisha kusikia, afande," mzee alisema. "Mkamateni yule mama, mtuachie msiba wetu."

Ghati aliandika namba yake ya simu kwenye kipande cha karatasi, akakiweka mkekani, si mkononi mwa mzee. Njiani Clever aliuliza wanaelekea wapi.

"Faili linasema Mwalimu alikuwa na tairi jipya la akiba kwenye buti. Tairi jipya la akiba maana yake alipata pancha karibuni. Tafuta waziba pancha wote kuanzia hapa mpaka Butiama."

Waliyemtafuta alikuwa wa tatu, kijana mrefu aitwaye Jofrey, na alipoulizwa kama alifungua gari la Mwalimu, kwanza alitaka kukimbia.

"Mimi nafunguaga nati nne za tairi tu! Ile kubwa ya katikati siijui, sina hata soketi yake!"

Walipekua vifaa vyake. Kweli hakuwa nayo. Clever alikuwa ameshageuka kurudi garini, na Ghati alikuwa akiaga, ndipo Jofrey alipoongeza, kwa kujitetea tu:

"Na mimi ndiye nilimwambia. Nilipozungusha lile tairi kwa mkono likalia kooro-kooro. Nikasema Mwalimu, hii beringi imekufa. Akasema haiwezekani, ina wiki mbili. Akashangaa kweli."

"Ilikuwa siku gani?"

"Jumamosi, siku tatu kabla ya ajali. Alikuwa anatoka Buhemba kuichukua gari."

"Kuichukua kwa nani?"

"Kwa shemeji yake, Fredy. Aliiacha huko siku mbili afungiwe loku ya mlango."

Ghati alimwangalia Clever. Kwenye faili, Fredy Enoka, kaka yake Esta, alikuwa shahidi wa pili wa mashtaka. Ndiye aliyewaongoza watu kwenda kwenye lango la Bi Kudura kule Kabasa.

*

Fredy aliegesha Probox yake nje ya uwanja anapotengenezea magari Buhemba, akitoka kuwashusha wachimbaji. Alikuwa na vumbi la machimbo mpaka kwenye kope. Alipomwona Ghati alitabasamu. Alipomwona Makongoro akishuka na jeki, tabasamu likabaki mdomoni peke yake.

Bi Kudura, waliyemfuata Bunda mchana ule pamoja na sajenti, aliachwa ndani ya gari la polisi, madirisha yamefungwa, hatua hamsini mbali. Ghati hakutaka mtu aje kusema kwamba alikisogelea chuma.

"Mnatafuta nini kwenye gari yangu?"

"Beringi ya mbele kushoto," Ghati alisema. "Sajenti, toa tairi."

Makongoro alifanya kazi bila haraka. Diski ilipotoka, hata Clever aliona. Upande wa kulia kila kitu kilikuwa cha rangi ya kahawia, chuma kilichozeeka pamoja. Upande wa kushoto, chini ya vumbi, habu iling'aa, na nyumba yake ilikuwa na mikwaruzo myeupe ya brashi ya waya.

"Umeipata wapi hii?"

"Nilinunua Musoma."

"Duka gani?"

"Mtembezi. Anapitaga tu."

"Sajenti, panguza nyumba yote, nje na ndani. Usome kwa sauti utakachokiona."

Makongoro alilowesha tambara kwa mafuta ya taa, akaingiza mkono, akasugua. Akalala chali kabisa, yeye na sare yake iliyopigwa pasi, tochi kaiuma kwa meno. Kisha akaitoa tochi mdomoni.

"Huku ndani, upande wa injini, pamechorwa kwa ncha ya chuma. Herufi H. Chini yake mbili, mstari, nane. Halafu mikato mitatu."

"Koplo, bahasha."

Clever aliwaonyesha wote saini mbili juu ya mkunjo, akachana, akasoma. "H ya baba yangu Hamduni. Tarehe mbili mwezi wa nane. Mikato mitatu kwa sababu ni kazi yangu ya tatu mwezi huo kwenye daftari. Ipo kwa ndani, kuelekea injini, ili asiione anayetafuta vya nje."

Watu walikuwa wameanza kujaa uwanjani. Fredy aliwatazama, kisha akacheka, kicheko kikavu.

"Sawa. Ni ya Enos. Alinipa mwenyewe. Alisema shemeji, gari yako inabeba watu, yangu inakaa shuleni, chukua. Tulibadilishana kwa hiari. Nani atabisha? Marehemu?"

"Kwa nini hukusema tangu mwanzo?"

"Hamkuuliza. Nipelekeni mahakamani. Pale litabaki neno langu na kaburi."

Aliinyoosha mikono mwenyewe afungwe pingu, kidevu juu. Na Ghati alijua, wakati Clever akizifunga, kwamba jamaa hakuwa mjinga. Alama ilimtoa Bi Kudura kwenye kesi. Haikumwingiza Fredy zaidi ya nusu.

*

Ijumaa saa tatu asubuhi Makongoro aliingia ofisini Bunda na ripoti mpya, kurasa tatu zilizochapwa. Alimkuta Bi Kudura amekaa mbele ya Ghati.

"Nimefuta ile ya kwanza," alisema akiwa amesimama. "Mama, unaweza kwenda nyumbani. Pitia mlango wa nyuma, hapo mbele kuna watu wa msiba."

"Mimi niliingia kwa mlango wa mbele."

"Ni kwa usalama wako."

"Usalama wangu mngeufikiria siku ile mnanipandisha kwenye gari mtaa mzima ukitazama." Aliinuka akajifunga mtandio. "Nipe nakala ya hiyo ripoti, sajenti. Ina mhuri?"

Makongoro alienda kupiga mhuri. Bi Kudura akatoka mbele na karatasi yake mkononi, wala hakuharakisha, na Ghati alimsindikiza mpaka kizingitini. Hapo ndipo walipokutana na Esta, akipanda ngazi peke yake. Alikuwa amevua kile kitambaa cheusi. Nyuma yake Mzee Enoka alikuja akihema, fimbo mkononi.

"Esta! Simama hapo! Nimesema simama!"

Esta hakusimama. Alipofika mbele ya Bi Kudura alisita tu, akasema "Nisamehe, mama," kwa sauti ya kawaida. Bi Kudura akamjibu, "Kaseme kwanza ulichokuja kusema. Mimi nipo Kabasa, siendi popote." Akampisha.

Ndani, Esta aliweka simu mezani. Kioo chake kilikuwa kimepasuka kutoka kona hadi kona.

"Ni ya Enos. Ilikuwa mfukoni mwake siku ile. Baba alisema niizime nisiiwashe tena."

"Afande, huyu bado ana msiba," Mzee Enoka alisema kutoka mlangoni. "Hajui anachokisema."

"Hajasema kitu bado, mzee. Karibu ukae au utoke. Mama Esta, kuna nini humo?"

Esta alibonyeza mara mbili, akafungua ujumbe wa sauti. Sauti ya mwanamume ikajaa chumbani, ya upole, ya mtu aliyechoka. "Shemeji Fredy, habari za asubuhi. Hii gari toka niichukue kwako inalia sana mbele kushoto. Hebu niambie ukweli, ulifungua kule chini? Kama ulifungua sema tu, sigombi. Nataka nimpelekee yule mama Bunda leo aicheki, au niiache nyumbani nisiitembeze?"

Esta akabonyeza jibu lake. Kisha sauti nyingine, ya haraka, kelele za mashine nyuma yake. Sauti ile ile iliyocheka uwanjani jana.

"Sijagusa chochote huko chini, shemeji, nimefunga loku tu. Hiyo ni tairi, inakula upande. Gari nzima. Endesha tu, wala usiogope mteremko."

Clever aliacha kuandika. Ghati aliuliza saa ya ujumbe ule, ingawa aliiona kwenye kioo. Saa moja na dakika kumi asubuhi, Jumanne. Mwalimu alikuwa ameanguka saa mbili kasorobo.

"Alikuwa alipeleke gari kwa huyo mama," Esta alisema. "Au aliache nyumbani apande pikipiki. Aliposikia hiyo akasema basi, Fredy anajua magari, akawasha kwenda shuleni."

Mzee Enoka alikuwa ameshika kizingiti kwa mikono miwili. Sauti yake ilishuka, ikawa ya mzazi. "Esta mwanangu. Enos ameshakwenda, hata tufanye nini hatarudi. Unataka nizike na wa pili? Ndiye mwanaume pekee niliyebaki naye. Ukikaa kwenye kiti hicho, ujue huna kwenu tena. Mimi na mama yako hatutakufungulia."

Esta alikivuta kiti. Miguu ya kiti ilikwaruza sakafu.

"Baba, ningekuwa nimeficha hii simu wiki moja zaidi, huyo mama angefungwa kwa ajili yetu. Na wewe ulijua. Uliisikiliza siku ile ile ya mazishi, ukanirudishia, ukaniambia nile chakula." Alifuta uso kwa kiganja, akakaa. "Msinifungulie. Nina nyumba Buswahili. Watoto wa Enos wako humo."

Mzee alibaki amesimama. Hakuna aliyemwambia aondoke, na hakuondoka.

Ghati alichukua fomu safi ya maelezo ya shahidi, akaandika tarehe na saa. Ilikuwa saa nne kasorobo, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatano hakuitazama saa ya ukutani tena. Faili lisubiriwe au lisisubiriwe, lingefika likiwa na ukweli.

"Jina la unayemlalamikia?"

"Fredy Enoka."

Kalamu ya Ghati ilisimama kwenye mstari uliofuata. "Hapa wanauliza uhusiano. Naweza kupaacha wazi kama unataka."

"Usipaache wazi," Esta alisema, akimgeukia baba yake ili amsikie vizuri. "Andika kaka yangu. Baba mmoja, mama mmoja."